Nguzo Nne za Baraza

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, Marlys Tveit alikuwa juu ya kenchi ya nne ya nyumba yake, mita tano kutoka ardhini, nyundo mkononi. Trekta la kaka yake Orrin lilikuwa linakatiza shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, likija moja kwa moja kwenye jengo.

Halikupunguza mwendo.

Ndoo ya chuma ya mbele iliigonga nguzo ya pembeni, upande wa mashariki. Nguzo hiyo ilikuwa nene kama paja la mtu mzima, imezikwa mita moja na nusu chini ili ardhi ikiganda kwa baridi isiinyanyue. Ilikatika kwa mlio mmoja mkavu.

Kenchi ya kwanza ikalalia ya pili, ya pili ikalalia ya tatu. Marlys aliziona zinamjia akaruka pembeni. Mkanda wa usalama, ambao fundi Emil Zacher alimlazimisha kuuvaa asubuhi ile huku Marlys akinung'unika, ulimdaka kifuani. Akabaki ananing'inia kwenye boriti ya ukuta wa magharibi, ambao ulikuwa bado umesimama.

Chini yake alimsikia mumewe, Wade, akipiga ukelele mmoja. Kisha kimya.

Wewe uliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, shika haya machache. Mzee Halvor Tveit alipofariki, miaka miwili nyuma, shamba lote alimwachia Orrin, na Marlys akapewa kile kilima kidogo chenye kisima na safu ya miti ya kukinga upepo. Marlys na Wade wakaamua kujenga hapo nyumba ya mtindo wa ghala: nguzo ardhini, kenchi juu, mabati meusi pande zote, nusu moja makazi na nusu nyingine karakana ya Wade. Orrin alinuna, akawashauri wakajenge kule chini karibu na bwawa, lakini mwishowe akanyamaza. Jumanne, Marlys akaongeza baraza kwenye ramani, upande wa mashariki. Nguzo nne tu, mahali pa kukalia na kikombe cha kahawa jua likichomoza. Emil akapigilia vigingi vinne kuonyesha mashimo yatakapochimbwa. Tangu siku hiyo Orrin hakulala.

Sasa turudi kwenye damu.

Wade alikuwa amelala kifudifudi kwenye kokoto, kenchi ya tatu juu ya mguu wake wa kulia. Mfupa ulikuwa umetoboa suruali. Emil, mzee wa miaka sitini na saba, alikuwa tayari amepiga magoti kando yake, anavua mkanda wake kiunoni ili aufunge mguu ule juu ya goti.

Trekta lilirudi nyuma. Orrin alikuwa anajipanga kwa nguzo ya pili.

Marlys alichomoa kisu akakata mkanda uliomshikilia. Alianguka juu ya rundo la kokoto, akasikia kitu kikialika ubavuni mwake, akainuka akakimbia. Alipanda ngazi ya trekta likiwa linatembea na kuipiga nyundo kwenye kioo cha mlango. Kioo kikamwagika. Pigo la pili lilimpata kaka yake kwenye mtulinga, karibu na bega, na yeye mwenyewe aliuhisi mfupa ukivunjika chini ya nyundo.

Orrin hakulia. Alimtia teke la kifua lililomrusha chini, akazima injini, akashuka.

Mkononi alikuwa na bunduki.

Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa umefunguliwa siku tano kabla, na wiki hiyo huku kwetu hata mchungaji wa kanisa hutembea na bunduki garini. Kwa hiyo bunduki yenyewe haikumshangaza Marlys. Kilichomshangaza ni macho ya Orrin. Hayakuwa ya mtu mwenye hasira. Yalikuwa ya mtu anayeogopa.

Akapiga risasi tatu, na zote tatu hazikumwendea mtu yeyote. Aliipiga ile mashine ndogo ya kuchimbia mashimo, yenye keekee mbele, iliyokuwa imeegeshwa karibu na vigingi. Risasi ya kwanza ilipasua tairi, ya pili ikaingia kwenye injini, ya tatu ikakata bomba la mafuta. Mafuta yalirukia theluji nyembamba iliyoanguka alfajiri.

Halafu akasimama katikati ya vile vigingi vinne, mkono mmoja unaning'inia, mtutu umeegemea nyonga.

Akawaambia waondoke wote. Wamchukue Wade, wapande gari la Emil, waende. Wakitaka kujenga wajenge bwawani, kama alivyowaambia tangu mwanzo.

Emil hakuinua kichwa kutoka kwenye mguu wa Wade.

"Kule bwawani maji yako juu," alisema. "Zege litapasuka kabla ya Pasaka. Hilo nalo nilikuambia tangu mwanzo."

"Wewe nyamaza, mzee. Ukoo wenu ndio ulioleta haya yote."

Emil aliponyanyuka, viganja vyake vilikuwa vyekundu hadi kwenye vifundo. Alianza kumwendea Orrin taratibu, akiongea kama mtu anayemtuliza farasi. Alimwambia anamfahamu tangu akiwa mtoto wa kubebwa, kwamba shemeji yake anakufa pale, kwamba bado hakuna lililofanyika lisiloweza kurekebishwa. Kwa mkono wa kushoto alikuwa ameificha nyuma ya mguu pima maji yake ya kunyooshea kuta, ya chuma, yenye urefu wa mita moja na zaidi.

Alipofika hatua tatu aliizungusha.

Chuma kilikutana na mtutu. Bunduki ikafyatuka, na nusu ya sikio la kulia la Emil ikaenda na risasi. Mzee akakaa chini, kwa mshangao zaidi kuliko kwa maumivu, akijishika kichwa.

Marlys alikuwa ameshafika. Alimrukia kaka yake mgongoni, akamng'ata shingoni mpaka akaonja damu, wakaanguka pamoja. Orrin ni mtu wa kilo mia na kumi, lakini alikuwa na mkono mmoja tu mzima, na mdogo wake amefanya kazi ya kuwageuza wazee vitandani kwa miaka ishirini. Alimlalia. Akampiga ngumi ya pua, akampiga ya pili palepale. Pua ikakaa upande.

Akatafuta kitu cha kumalizia. Mkono wake ukaangukia kigingi kimoja cha Emil, chenye ncha. Akakishika akaanza kukichomoa.

Hapo ndipo Orrin alipolia. Hakuwa analilia mwili wake. Alishika kiganja cha dada yake kwa mkono wake mzima na kukikandamiza pale pale kwenye kigingi.

"Usikitoe," alisema. Meno yake yalikuwa mekundu. "Marlys, usichimbue hapa. Mama yuko hapa chini."

Msomaji, mama yao aliitwa Ardis. Aliondoka mwezi wa Oktoba mwaka 1984, Marlys akiwa na miaka sita. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na baba yake, kwamba mama ameondoka, na neno hilo moja ndilo alilolelewa nalo. Kaunti nzima iliongeza mengine. Wiki ileile alipotoweka Ardis, alitoweka pia Reinhold Zacher, kaka yake Emil, aliyekuwa akifanya kazi ya mavuno kwa Halvor. Watu wakahesabu wawili hao pamoja. Wengine walidai kuwaona Montana, wengine Oregon. Watu walipochoka, waliacha kuuliza.

Orrin aliyasema yote akiwa amelala chali, theluji inamwangukia usoni, na dada yake amemkalia kifuani. Siku ile alikuwa na miaka kumi na sita. Alirudi kutoka shule akamkuta baba yake amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mbele yake kitu kimefungwa kwenye turubai na kuzungushiwa waya wa kufungia nyasi. Baba akamwambia mama yake ameanguka kutoka kwenye dari la kuhifadhia nyasi na kuvunja shingo. Hakuna sherifu atakayeamini. Baba atafungwa, Orrin atapelekwa kwa watu wasiomjua, Marlys kwa wengine. Kisha akampa sepetu.

Orrin alichimba mpaka giza likaingia. Baba yake ndiye aliyeshusha turubai, akasawazisha udongo, na wiki iliyofuata akajenga juu yake kibanda cha nguruwe. Kibanda kilioza, kikaanguka, nyasi zikaota. Orrin akabaki peke yake anayejua.

Marlys alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akampiga tena.

"Nilikuwa nakaa kando ya sanduku la barua, pale barabarani," alisema. "Kila siku yangu ya kuzaliwa. Nikisubiri barua yake. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Ukapita na baiskeli yako."

"Nikapita."

Alimpiga mpaka mikono ikachoka, na kaka yake hakuinua hata kidole kujikinga. Ni Emil aliyemwondoa, sikio linavuja hadi kwenye kola. Alikuwa amesikia kila neno. Alifungua kinywa kama anayetaka kusema kitu, akamtazama Marlys, akatazama vile vigingi, akafunga kinywa. Badala yake akasema kwamba Wade amepoteza damu nyingi na gari la wagonjwa aliloliita liko dakika kumi na tano mbali.

Naibu sherifu Colleen Fettig alifika pamoja na gari hilo. Alikuwa amesoma darasa moja na Marlys. Alimfunga Orrin pingu kwa mbele, kwa sababu ya mtulinga, na kumkalisha kwenye gari. Aliposikia kilicho chini ya vigingi alivua kofia yake, akaivaa tena, akazungushia eneo lote utepe wa manjano. Hakuna mtu kugusa, alisema. Kesho watakuja watu wa jimbo kutoka Bismarck, wenye ujuzi wa mambo ya mifupa.

Mguu wa Wade haukuokolewa. Madaktari walikata chini ya goti kabla jua halijazama. Alipozinduka alimuuliza mkewe kama kuta zimesimama. Marlys alimjibu kwamba ukuta wa magharibi umesimama, wa mashariki umelala. Wade akafikiri kidogo, kisha akasema basi ngazi za karakana inabidi wazipunguze. Alicheka. Marlys ndiye aliyelia, akiwa ameweka paji la uso kwenye shuka, mbavu zikimchoma kila alipovuta pumzi.

Kesho yake saa tano asubuhi, kilima cha Tveit kilikuwa na magari saba.

Upepo ulitoka kaskazini, unapita katikati ya nguzo zilizobaki na kupiga mabati yaliyokuwa bado kwenye mafungu. Sentimita kumi za juu za ardhi zilikuwa zimeganda kama mawe. Wachunguzi walizivunja kwa sururu, halafu wakashuka polepole kwa sepetu ndogo, wakichekecha udongo kwenye wavu wa waya. Orrin aliletwa kuonyesha mahali kamili. Pua yake ilikuwa imefungwa, mkono umefungwa, uso wote zambarau. Aliomba asimame karibu. Colleen akamruhusu, akamshika kwa nyuma ya koti.

Marlys alisimama upande wa pili wa shimo. Hawakutazamana.

Emil alikuja mwishoni, kichwa kimezungushiwa bandeji kama kilemba. Hakuna aliyemwita. Alisema anataka tu kuona. Marlys alimsogelea akamshika mkono, kwa kuwa ndiye aliyemwokoa mumewe kwa ule mkanda, na kwa kuwa, alidhani, wote wawili walikuwa na mtu aliyepotea wiki ileile. Akamwambia kwa sauti ndogo kwamba pole, huenda Reinhold naye hakufika Montana.

Mzee alisogea ukingoni mwa shimo, akatazama chini.

Kwenye kina cha mita moja na robo, turubai lilionekana. Lilikuwa limebaki na rangi yake ya kijani kwenye mikunjo. Waya ulikuwa umeliwa na kutu, ukakatika ulipoguswa. Mchunguzi mkuu, mwanamke mwenye miwani minene, aliuliza kama familia ingependa kurudi nyuma kidogo. Hakuna aliyerudi.

Alifungua upande wa miguu kwanza.

Viatu.

Viatu virefu vya kazi, vya ngozi, vya kufunga kamba mpaka juu ya kifundo, na soli nene ya mpira. Namba kumi na mbili au kumi na tatu, za mwanamume mkubwa. Juu yake mifupa miwili mirefu ya muundi. Marlys hakumkumbuka mama yake uso, lakini alizikumbuka soksi zake, kwa sababu alikuwa akizivaa kama mtoto anavyovaa vitu vya mama, na mguu wa mama ulikuwa mdogo hata zilikaribia kumwenea.

"Hiki si kiatu cha mama," alisema.

Mchunguzi alifunua zaidi. Suruali ya jinzi. Mkanda wa ngozi uliogeuka kuwa kama gome la mti, na bamba la shaba la mkanda, pana kama kiganja. Fuvu lilikuwa la mwisho. Nyuma yake kulikuwa na tundu ambalo mtu halipati kwa kuanguka darini. Lilikuwa la mraba, pembe zake safi.

Orrin alianza kutikisa kichwa. Alitikisa na kutikisa. Aliwaambia wachunguzi wamekosea, wachimbe pembeni, huyu si yeye. Alisema yeye mwenyewe alichimba shimo hili, kwa mikono hii, miaka thelathini na sita hajakanyaga hapa na viatu bila kuomba radhi. Colleen akamuuliza kama alimwona uso kabla ya kuzikwa.

"Baba alisema nisifungue," Orrin alisema. "Alisema nimkumbuke alivyokuwa."

Kisha akaelewa. Marlys aliiona ikiingia usoni mwake: miaka yote ile, ndoa aliyoikataa, kanisa aliloacha kwenda, kaka mkubwa aliyegeuka kuwa mtu wa kuogopwa na majirani, mguu wa Wade. Yote kwa ajili ya turubai ambalo hakulifungua. Alitoa sauti ambayo hata wale wa Bismarck, waliozoea, waligeuza nyuso. Akajitupa mbele kuelekea shimoni, na ilimbidi Colleen na polisi wengine wawili wamlalie kwenye theluji, huku mfupa wake uliovunjika ukisikika.

Emil ndiye pekee ambaye hakumtazama Orrin. Alikuwa ameinama juu ya shimo, macho kwenye lile bamba la shaba. Mchunguzi alikuwa amelisugua kwa brashi, na farasi wawili wa kulima walikuwa wameanza kuonekana.

"Ni la baba yetu," Emil alisema. "Reinhold alilichukua siku tuliyomzika."

Akavua glovu. Akashuka kwenye ukingo wa shimo, magoti kwa shida, na hakuna aliyemzuia, akaweka vidole viwili kwenye kile kiatu.

Marlys alimpa muda wake. Upepo uliyabamiza mabati. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari ya mgonjwa.

"Mzee Emil. Kama huyu ni Reinhold, mama yuko wapi?"

Emil hakugeuka.

"Jana nilitaka kukuambia," alisema. "Nikadhani Orrin amechanganyikiwa. Nikataka nione kwanza kwa macho yangu."

"Uniambie nini?"

"Jioni ile tuliyomzika baba yako, simu yangu ililia. Mwanamke. Sikuisahau sauti yake, Marlys, ilikuwa ni yeye. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli Halvor amekufa. Nikamwambia ni kweli, nimebeba jeneza mwenyewe. Akaniapisha nisimwambie mtu."

Colleen Fettig alikuwa amesimama. Hata Orrin, uso kwenye theluji, alikuwa ameacha kulia.

"Kaka yangu sikuwa nimesikia habari zake tangu 1984," Emil aliendelea. "Kwa hiyo nikamuuliza. Nikamwambia, Ardis, niambie tu, Reinhold hajambo?"

Mzee akakitazama kile kiatu chini ya vidole vyake.

"Akaniambia nisimtafute mbali. Akasema, 'Hakutoka nyumbani. Nilihakikisha mwenyewe.'"